Ufugaji wa Vifaranga vya Samaki Klauni

Samaki klauni (Amphiprion ocellaris), yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe aliyevuma kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ni miongoni mwa samaki wachache wa baharini wanaozaliana vizuri kwenye tangi la nyumbani.

Kupata jozi si kazi. Ukiwaweka wadogo wawili pamoja, anayemtawala mwenzake hugeuka jike. Jike hutaga mamia ya mayai juu ya kigae au chungu, kisha dume hushika ulezi: huyapepea kwa mapezi na kuyang'oa yaliyoharibika. Mayai huanza yakiwa ya chungwa; yakikaribia kuanguliwa, siku ya 7 hadi 10 hivi, macho ya rangi ya fedha hung'aa ndani yake.

Huanguliwa gizani, taa zikishazimwa.

Hapo ndipo shughuli huanza. Midomo ya vifaranga ni midogo mno, hivyo hulishwa rotifa hai (vijidudu vidogo sana vya majini), nao rotifa hulishwa mwani. Mfugaji basi ana mifugo mitatu, na rotifa wakifa usiku, vifaranga huwafuata upesi. Baadaye vifaranga hupewa artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi) walioanguliwa karibuni. Katika wiki ya pili, mkanda wa kwanza mweupe hujitokeza nyuma ya jicho.