Ganda Hili Linakalia Nini?

Mwaka 1912 Holland & Holland, mafundi bunduki wa London, walitoa risasi ya .375 Magnum ambayo ganda lake la shaba njano lina uvimbe mwembamba uliolizunguka upande wa chini, mbele kidogo ya mfuo unaoshikwa na kucha ya kuchomolea maganda. Kipenyo cha uvimbe huo ni kama milimita 13.5, na cha kiwiliwili kilicho mbele yake ni 13 tu. Macho yanaweza kuupita usiuone. Pitisha ukucha kutoka shingoni kuteremka chini, utakwama hapo. Waingereza waliupa jina la kitu cha kufungia kiuno, na sisi kila tunapofasiri habari zake tunakimbilia “mkanda”. Naomba neno hilo liachwe, kwa sababu mbili, na ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Ya kwanza ni kwamba mkanda wa risasi tunao tayari. Ni ule wa kuvaa kiunoni au begani, na ni ule wa bunduki ya rashasha unaoingia upande mmoja umejaa na kutoka upande wa pili mtupu. Msomaji wa Kiswahili akikutana na “risasi ya mkanda” atawaza rashasha, wala hajakosea.

Ya pili ni kwamba mkanda hukaza. Ukisema kitu kimefungwa mkanda umeshasema kimeimarishwa. Msomaji ataondoka akiamini kwamba uvimbe ule uliwekwa ili ganda listahimili nguvu kubwa ya magnum. Hata wenye Kiingereza chao wengi wanaamini hivyo mpaka leo, jina likiwa limewapotosha kabla hawajalishika ganda lenyewe. Lakini shaba ya sehemu ile ya chini ni nene na imara, uvimbe uwepo usiwepo. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Ili kuielewa, rudi kwenye kodaiti. Baruti hiyo isiyo na moshi ilibuniwa Uingereza mwaka 1889, nayo ilitoka kwa umbo la nyuzi ndefu kama tambi. Nguvu yake hupanda joto linapopanda, na wateja wa Holland & Holland waliwinda India na Afrika, ambako bunduki huweza kushinda juani mchana kutwa. Ganda lililobana chembani baada ya mlio, wakati nyati bado amesimama, ni hatari ya kufa mtu. Kwa hiyo ganda la .375 likafanywa refu, limechongoka taratibu kutoka chini kwenda juu, ili liingie bila kukwaruza na litoke bila kuvutana. Bega lake, pale kiwiliwili kinapopungua kuwa shingo, lina mteremko wa nyuzi 15 tu. Bega la mteremko mdogo namna hiyo ni egemeo dhaifu. Ganda lisilo na egemeo la uhakika huweza kuzama chembani kuliko inavyotakiwa, au kutofautiana mkao risasi hata risasi. Ule uvimbe ndio uliotatua tatizo: mbele yake hugota kwenye kidato kilichochongwa mlangoni mwa chemba, na ganda likasimama pale pale kila mara.

Kwa hiyo ni kituo. Ni mahali pa kugotea.

Kwa muda mrefu nililipenda neno “noleo” kwa kazi hii. Noleo ni ile pete ya chuma inayozunguka mpini wa kisu pale bapa linapoingilia. Ni neno zuri, la mafundi, na umbo lake linafanana mno na uvimbe wa ganda. Lakini noleo huzuia mpini usipasuke. Yaani lingerudisha uongo ule ule wa mkanda, tena kwa ufasaha zaidi. Napendekeza “pete”, neno la kawaida linalotaja umbo na kunyamaza kuhusu nguvu. Ganda la pete. Magnum ya pete. “Magnum” yenyewe iachwe ilivyo. Ni Kilatini cha “kubwa”, jina ambalo watu wa divai waliipa chupa ya lita moja na nusu, na haina madhara kwa mtu.

Neno ninalolipigania kwa nguvu zaidi ni la ule umbali unaoamua ganda limekaaje kati ya kitasa cha bunduki na pale linapogotea. Kiingereza kinauita kwa jina linalotaja kichwa na nafasi, na mfasiri akilifuata neno kwa neno atapata kitu ambacho hakuna fundi atakayekielewa. Kiswahili kina “mkao”. Ukiwa na mkao unaweza kuuliza swali lenye maana: ganda hili linakalia nini? Kuna maganda yanayokalia ukingo, yanayokalia bega, na haya yanayokalia pete.

Swali hilo linaonyesha jambo ambalo majina ya kibiashara yalilificha. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa .458, magnum ambayo ganda lake limenyooka halina bega. Pete pale ni ya lazima, maana halina pengine pa kugotea. Lakini 7mm ya Remington ya mwaka 1962 na .300 ya Winchester ya mwaka 1963 zina mabega makali yanayotosha kabisa kuzikalisha. Pete zilibaki kwa kuwa zilirithi ganda la mzee wao wa 1912, na kwa kuwa wanunuzi walikwisha zoea kuona pete na kusoma nguvu. Ndivyo jina baya linavyoweza kuingia mpaka kwenye chuma.

Anayelipa gharama ya upotofu huu ni mtu anayeshamiri maganda yake nyumbani, yaani anayeyatia baruti upya ili yapigwe tena, kazi ya mikono iliyoenea sana Marekani na Afrika Kusini. (Tanzania na Kenya sheria za silaha hazimruhusu raia kutengeneza risasi bila kibali, na tusidanganyane juu ya hilo.) Ganda jipya likipigwa mara ya kwanza limekalia pete, na mbele ya bega mara nyingi imebaki nafasi. Mlio unalisukuma bega likajaze nafasi hiyo. Shaba ya kurefusha kiwiliwili lazima itoke mahali, nayo hutoka juu kidogo ya pete. Hapo ukuta unapungua unene. Mshamiri aliyeaminishwa kwamba pete ndiyo kila kitu huliingiza ganda kwenye kalibu, lile umbo la kulirudishia sura yake, mpaka mwisho, bega likarudishwa nyuma lilikotoka. Mlio unaofuata unalivuta tena. Baada ya mizunguko michache hutokea mstari unaong'aa kuzunguka ganda, na siku moja linakatika vipande viwili: kitako kinatoka, kiwiliwili kinabaki kimeng'ang'ania chembani, na gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji.

Wenye uzoefu huchukua waya mwembamba, wakaukunja ncha kama ndoano ndogo, wakauingiza ndani ya ganda na kuuburuta ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikitumbukia kwenye kijifuo juu ya pete, ganda hilo ni la kutupwa. Na dawa yenyewe ni kuirekebisha kalibu isiguse bega kupita haja, labda kulirudisha nyuma sehemu ya ishirini ya milimita, basi. Kuanzia hapo ganda limehama: kiwandani lilizaliwa likikalia pete, mikononi mwa mshamiri linakalia bega, na pete imebaki haina kazi. Jaribu kulieleza hilo kwa “mkanda”.

Nimetumia “kushamiri” na “kalibu” bila kuomba radhi, kwa sababu si maneno ya kubuni. Zama za gobori, kila mwenye bunduki katika pwani yetu alikuwa mshamiri. Aliipima baruti, akaimimina mtutuni, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki juu ya kifa. Kamusi za zamani zimehifadhi msamiati huo wote. “Kujaza risasi”, tunakosema leo, ni kuzitia kwenye magazini. Kushamiri ni kuiunda nguvu yenyewe. Fataki ndiyo hasa kile kikofia kidogo cha kuwashia kilicho chini ya ganda, ingawa Tanzania matangazo ya redio yaliligeuza neno hilo kuwa jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, na vijana hawalijui kwa maana nyingine zaidi ya hiyo na ya fashifashi za sikukuu. Kifa napendekeza kirudi kutaja kitundu ambacho moto wa fataki hupitia kuifikia baruti. Kalibu ni umbo la kusubia, kutoka Kiarabu, na wanaisimu wengi wanaona ndiko ilikotoka pia “kaliba” iliyotufikia kwa kupitia Ulaya. Maneno hayo mawili yamekutana tena kwenye benchi moja.

Limebaki neno lililo hatari kuliko mkanda. “Risasi” kwetu ni madini ya risasi, ni kile kipande kinachoruka, na ni kitu kizima: ganda, fataki, baruti na kipande. Katika habari za gazeti haidhuru. Katika kushamiri uzito hupimwa kwa kizio ambacho Waingereza walikiita kwa punje ya nafaka, miligramu 64.8, nasi tukiite punje vilevile. Kipande cha .375 kwa kawaida huwa na punje 300, gramu 19 na ushei. Baruti hupimwa kwa punje hizo hizo. Mwongozo ukiandika “uzito wa risasi” bila kusema risasi ipi, umemwachia msomaji akisie, na hii si kazi ya kukisia.

Kamusi hizo za zamani zinacho cha kutusaidia: kitu kizima zilikiita “kiasi cha bunduki”, yaani kilichokwisha pimwa. Nalirudisha. Kiasi kiwe kitu kizima, risasi iwe kile kinachoruka tu, na madini yaitwe madini ya risasi kila yanapotajwa. Kibandiko cha kasha kisomeke hivi: viasi 20 vya .375 Magnum, risasi punje 300, maganda yameshapigwa mara mbili.