Gari likichemsha: historia ya homa ya injini

Nimeadimika kidogo kwa ajili ya zamu za usiku, lakini leo niko mapumziko na nataka kuzungumzia jambo ambalo huenda mkashangaa kulisikia kwa muuguzi: gari kuukuu linalochemsha. Tusidanganyane, wengi wetu huku Uingereza hatununui magari mapya. Tunanunua lenye miaka kumi na tano au ishirini, linatufikisha kazini na kuturudisha, na siku likichemsha tunatajiwa bei ya gereji inayolingana na karo ya mdogo wako nyumbani kwa mwaka mzima. Mimi suala hili nimelifuata kwa njia ya historia, maana kila kifaa kilichomo kwenye upozaji wa injini kiliingia kwa wakati wake, kikatibu tatizo moja, halafu kikaleta ugonjwa wake mwenyewe. Ukijua kilikuja kufanya nini, unajua pa kutafuta.

Tuanze mwanzo kabisa. Leo gari likichemsha ni aibu, watu wanapita wanakuangalia umesimama pembeni boneti liko juu. Lakini gari la kwanza la Karl Benz, lile alilolipatia hataza mwaka 1886, lilichemsha kwa makusudi! Silinda ilizungukwa na maji, maji yakachemka, mvuke ukaondoka na joto. Ndiyo ilikuwa njia yenyewe ya kupoza. Ni sawasawa na jasho la binadamu: maji yanapogeuka mvuke yanabeba joto jingi sana, zaidi ya mara tano ya lile linalohitajika kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke. Shida ni kwamba anayetoka jasho lazima anyweshwe. Mwezi Agosti 1888 mke wa Benz, Bertha, alichukua gari pamoja na wanawe wawili bila kumuaga mumewe, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Njia nzima alikuwa akitafuta maji ya kuongeza. Petroli yenyewe (enzi hizo ilikuwa kisafishio kinachouzwa dawani) aliinunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba akalizibua kwa pini ya kofia. Huyo ndiye fundi wa kwanza wa safari ndefu, na alikuwa mama wa watu.

Aliyebadilisha mambo ni Wilhelm Maybach, kwenye gari la Mercedes la nguvu farasi 35 lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900. Alitengeneza rejeta kama sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070 vya kupitisha hewa, na maji yakapungua kutoka lita 18 hadi lita 9 tu, huku yakiwa yaleyale yanazunguka: yanachukua joto kwenye injini, yanakwenda mbele kupozwa na upepo, yanarudi. Mnaona? Hii si jasho tena, huu ni mzunguko wa damu. Na tangu hapo kuchemka kukawa ugonjwa.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, magari zaidi ya milioni 15, haikuwa na pampu ya maji ukiacha yale ya mwanzo mwanzo. Maji ya moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka, basi yakajizungusha. Rahisi mno. Lakini kiwango cha maji kikishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakufa hapohapo. Nadhani ndipo ilipotoka ile tabia ya madereva wetu wa zamani kutembea na dumu la maji kwenye buti, na mpaka leo swali la kwanza ni lilelile: maji yapo? Yanapungua? Yanakwenda wapi?

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda kama muuguzi, nayo ni kipimajoto. Hospitalini kupima joto la kila mgonjwa si jambo la kale kama mnavyodhani. Mjerumani Carl Wunderlich alitoa kitabu chake kikubwa cha homa mwaka 1868, na ndiye aliyeizoesha dunia ile namba 37. Miaka hiyohiyo Clifford Allbutt, daktari wa Leeds hapa Uingereza, alitengeneza kipimajoto kifupi cha sentimita kama 15, kinachosoma kwa dakika tano, wakati vya kabla yake vilikuwa virefu na vinachukua dakika ishirini. Jambo kubwa alilolisisitiza Wunderlich ni kwamba homa si ugonjwa, ni dalili. Hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza wa uuguzi.

Magari nayo yalipata kipimajoto chao. Mwaka 1912 Mmarekani Harrison Boyce alipata hataza ya kifaa alichokiita MotoMeter, kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje kabisa, dereva akiona kupitia kioo cha mbele ule wino mwekundu unapanda. Chukueni hili, maana lina maana mpaka leo: kile kipimajoto hakikugusa maji, kilining'inia kwenye mvuke juu ya maji. Maji yakipungua, bado kinasoma. Baadaye geji zikahamia ndani kwenye dashibodi, na kitambuzi chake kikatumbukizwa ndani ya maji. Tulipata urembo tukapoteza usalama. Bomba likipasuka ghafla maji yote yakamwagika, kitambuzi kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka au kutulia katikati huku injini inaungua. Wodini tunaona kitu cha namna hiyo: mgonjwa aliyekuwa na homa kali, ghafla ngozi inakuwa ya baridi, ndugu wanashukuru Mungu kuwa homa imeshuka, kumbe mwili umeanza kuzimika. Kwa hiyo ukiwa barabarani mshale ukipanda kisha ukaanguka, usifurahi. Na tuliopo nchi za baridi tuna dalili nyingine: hita ya ndani ikianza kupuliza baridi wakati injini ni ya moto, maji hayafiki. Simama, zima. Isitoshe, magari mengi ya miaka ya 1990 na kuendelea mshale wake umetengenezwa ukae katikati tu hata joto likibadilika kiasi, usimtie dereva wasiwasi. Unapouona umepanda, hali imeshakuwa mbaya.

Kisha kikaja kifuniko cha presha. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa pwani, lakini Mbeya au Nairobi ni kama 94 tu kwa ajili ya mwinuko. Ukiyafungia kwa presha ya bar moja yanavumilia hadi karibu 120. Faida kubwa, na ndiyo maana kifuniko chenye springi iliyochoka kinaweza kuchemsha gari zima huku fundi akikutajia bei ya rejeta mpya. Anza na kifuniko, ni kitu cha bei ndogo. Lakini presha hiyohiyo ndiyo inayoniletea kazi. Maji ya nyuzi 110 yametulia humo ndani kwa sababu yamefungwa. Ukifungua sehemu yake inalipuka kuwa mvuke. Nimewauguza walioungua hivyo, uso, kifua na mkono uliokuwa unazungusha. Subiri hadi injini ipoe kabisa, uweze kuishika. Na mtu akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, halafu hospitali. Dawa ya meno, mayai na siagi viacheni jikoni.

Thamostati nayo ina historia yake. Za zamani zilikuwa na kifuko cha kimiminika kinachotanuka, lakini mifumo ilipofungwa kwa presha vile vifuko havikufaa, zikaja za nta kuanzia miaka ya 1930: nta ikiyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu inatanuka na kusukuma mlango. Kifuko kilipotoboka mara nyingi mlango ulibaki wazi. Ya nta ikifa mara nyingi mlango unabaki umefungwa, na hapo bomba la juu ni la moto huku rejeta chini ni baridi. Mafundi wetu nyumbani hupenda kuing'oa kabisa wakisema kwetu ni joto, haihitajiki. Huku ukifanya hivyo utaendesha Januari nzima unatetemeka, na mafuta yataliwa.

Feni ndiyo iliyomtesa mwenzangu mmoja wa wodini. Gereji moja ilimbadilishia rejeta, wiki mbili baadaye pampu ya maji, gari bado linachemsha, na safari ya tatu wakamwambia injini imekwisha. Hiyo ni tiba bila vipimo! Nikamuuliza swali moja tu: linachemsha lini? Akasema kwenye foleni na akisubiri nafasi ya kuegesha hospitalini, lakini barabara kuu ni salama. Basi jibu liko hapo. Ukienda kasi upepo unafanya kazi ya feni, ukisimama feni inabaki peke yake. Zamani feni ilizungushwa na mkanda wa injini, ikizunguka muda wote. Hata Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mbio za Safari huko Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962 bila tone la maji ya kupozea, feni yake ilikuwa mkanda mmoja na dainamo, kwa hiyo mkanda ukikatika taa nyekundu ya chaji inawaka na dereva mwerevu anasimama mara moja. Injini zilipogeuzwa kukaa kwa upana, feni ikawa ya umeme, na umeme una swichi, fyuzi na rilei. Ya mwenzangu ilikuwa rilei. Kama lingechemsha kwenye mwendo kasi tu, hapo ningeishuku rejeta iliyoziba au pampu.

Limebaki lile la kutisha, gasketi ya hedi. Dalili zake ni maji kupungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha hata injini ikipata moto, mapovu kwenye chombo cha maji, au oili kuwa kama maziwa. Lakini hii nayo ina kipimo cha maabara: kuna kimiminika cha buluu, kinavutiwa hewa inayotoka juu ya maji ya rejeta, na kama gesi ya moto wa injini imepenya humo kinageuka njano. Ni dakika chache tu. Kiombeni, na mkione kwa macho yenu kabla hamjasaini karatasi ya kufungua hedi.