Jumba la Mukama Kahigi, Kanazi

Barabara ya Bukoba kwenda Muleba nimeipita mara nyingi sana bila kugeuza shingo pale Kanazi. Safari hii nilishuka. Nilikuwa na rafiki ambaye babu yake alizaliwa Kianja, na nilimwomba anisindikize kuiona ikulu ya Mukama Kahigi.

Ukweli ni kwamba ukitaka jumba la mtindo wa Malkia Victoria, huku utaambulia jina lake tu kwenye ziwa. Wajerumani ndio waliotuachia kuta. Na ukiijua nyumba ya asili ya Kihaya, kuta hizo zinashangaza. Wahaya walijenga msonge, nyumba ya nyasi kutoka kileleni hadi ardhini, na Mukama naye alikaa kwenye msonge, wake mkubwa kuliko ya wengine. Sasa Kahigi huyu alifikaje kwenye jumba la Kizungu?

Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kahigi aliusoma upepo mapema, akasimama upande wa Wajerumani, nao wakamkuza. Katika koloni lao lote la Afrika Mashariki ni Bukoba, Rwanda na Burundi tu ndiko walikotawala kupitia wafalme wenyeji, chini ya mwakilishi aliyeitwa Rezidenti. Kwa mpango huo Mukama mwenye akili angeweza kupata mengi, na Kahigi alikuwa nazo (maadui zake wangetumia neno jingine). Juni 1915 Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaondoka, na Kahigi akafariki mwaka huohuo.

Kinachonikera kuhusu majumba ya namna hii ni kwamba yanamtukuza mwenye nyumba na kuwasahau waliomlisha. Uhaya kulikuwa na nyarubanja: Mukama aliweza kumpa ndugu au kipenzi chake ardhi yenye watu, na kuanzia siku hiyo mwenye kibanja akawa mtwarwa, mpangaji kwenye migomba aliyoipanda baba yake, akitoa sehemu ya mavuno na nguvu zake. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Nyarubanja ilifutwa kwa sheria baada ya hapo, muongo huohuo. Ningekuwa mimi natembeza wageni Kanazi, ningeanza na hilo kabla ya kutaja mikuki na ngoma.

Tatizo ni kwamba nyasi haziachi magofu. Kule Katuruka, Maruku, ilibidi wanakijiji wajenge upya msonge ili wageni wapate cha kuona kwenye eneo la Mukama Rugomora Mahe, palipochimbuliwa ushahidi wa ufuaji chuma wa kale. Nyumba za watwarwa hakuna aliyezijenga upya.

Rafiki yangu hakuingia ndani. Babu yake alikuwa mtwarwa. Nilipotoka nilimkuta kwenye migomba, akiongea na simu.