Sheria ya Afya na Njia ya Maji: Rufiji Mbele ya Kamati za Bunge

Mkazi wa Msala au Mfisini, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, akitaka kuzungumza mbele ya kamati ya Bunge, hesabu yake ya kwanza ni ya maji. Wakati wa bamvua yakikupwa, baadhi ya vijito hubaki tope na mizizi ya mikoko, na boti haipiti. Maji yakimruhusu atafika Nyamisati, atapanda gari hadi Bungu au Kibiti, atasubiri basi la Dar es Salaam, na akishafika Dar bado ana kilomita zipatazo 450 za kwenda Dodoma. Nauli ni yake, chakula ni chake, malazi ni yake. Akifika atapewa dakika chache za kipaza sauti.

Ndiyo maana Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote uliposomwa mara ya kwanza Septemba 2022 na kupelekwa kwenye Kamati ya Huduma na Maendeleo ya Jamii, iliyokuwa chini ya uenyekiti wa Stanslaus Nyongo, sauti zilizosikika zaidi zilikuwa za wenye ofisi: asasi za kiraia, watoa huduma binafsi, kampuni za bima, vyama vya wafanyakazi. Walisema mengi ya maana, na mengine yalizaa matunda. Lakini Rufiji ina historia ya pekee katika jambo hili. Kwa miaka mingi wilaya hii ndiyo iliyotoa ushahidi ambao wizara, wafadhili na watunga sera waliutumia kuamua afya ya Watanzania iendeshwe vipi, na watu wake walitoa ushahidi huo wakiwa milangoni mwao, bila kuitwa mahali popote.

Tuanze mwaka 1993, mwaka wa mambo mawili. Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama katika hospitali za umma, ikianzia hospitali kubwa, na hapo ndipo wananchi walipoizoea lugha ya uchangiaji. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ikatoa ripoti yake ya maendeleo iliyohusu afya, ikidai kwamba nchi maskini inaweza kuwapa watu wake huduma za msingi kwa takriban Dola 12 kwa mtu kwa mwaka, mradi fedha zielekezwe kwenye maradhi yanayoua zaidi. Dai lilikuwa zito, na kulikuwa na haja ya kulipima mahali halisi. Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ikachagua wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji. Mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP ukaanza kazi katikati ya miaka ya 1990.

Walichokuta kinafaa kusomwa na kila mbunge anayekaa kwenye kamati ya afya. Katika Morogoro mwaka 1996, malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo, ilhali bajeti ya wilaya iliitengea asilimia 5 tu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Fedha zilikwenda zilikozoea kwenda, kwa sababu timu ya afya ya wilaya haikuwa na kitu cha kuionyesha watu wanakufa kwa nini. Wataalamu wa mradi wakachora michoro miepesi: upande huu mzigo wa maradhi, upande ule mgawanyo wa fedha. Mganga mkuu wa wilaya na wenzake wakaitazama, wakaona pengo kwa macho yao, wakapanga upya.

Lakini ili kujua watu wanakufa kwa nini, ilibidi mtu apige hodi. Mwaka 1998 mradi wa TEHIP ulianzisha Rufiji mfumo wa kufuatilia idadi ya watu. Kila kaya ilipewa namba yake. Kila baada ya miezi minne karani alirudi na daftari: nani amezaliwa, nani amehama, nani ameolewa, nani amefariki. Penye kifo alikuja mwingine baada ya muda, akaketi na mama au mjomba wa marehemu, akauliza kwa upole homa ilianza lini, mtoto alishtuka au hakushtuka, walikwenda zahanati gani na walipewa nini. Kwa mazungumzo hayo sababu ya kifo ilikadiriwa, maana wengi walifia nyumbani bila cheti cha daktari. Kwangu mimi, mahojiano hayo ya msibani ndiyo usikilizaji wa umma wa kweli kuliko wote uliowahi kufanyika kuhusu afya katika wilaya ile. Mama aliyefiwa hakuambiwa aandike waraka wala aambatanishe jedwali la mapendekezo. Aliulizwa, na jibu lake likaingia kwenye hesabu.

Na hesabu ilizaa. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufika Dola moja kwa mtu kwa mwaka. Wahudumu walifundishwa namna mpya ya kumwangalia mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja, vyandarua vikahimizwa, zahanati zilizochakaa zikakarabatiwa kwa nguvu za wanavijiji. Kufikia mwaka 2003 vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano Rufiji vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano. Baadaye wilaya hiyohiyo ikawa mahali pa kujaribia dawa mseto ya malaria, kabla nchi nzima haijabadili dawa mwaka 2006. Mwaka 2011 ukaja mradi wa Connect, uliowaajiri mawakala wa afya ya jamii, WAJA, katika vijiji vya Rufiji, Kilombero na Ulanga, wakapewa mafunzo ya miezi tisa na kulipwa. Serikali ilipozindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294, wazo la kumlipa mhudumu wa kijijini lilikuwa limekwishajaribiwa huku.

Sasa turudi kwenye ramani, maana hapa ndipo penye jambo linalonisumbua. Eneo lililohesabiwa lilikuwa na vijiji 31 katika kata sita zilizopakana: Bungu, Mchukwi, Kibiti, Mgomba, Umwe na Ikwiriri. Zote ziko kaskazini ya mto, nchi kavu, kando ya barabara kuu au karibu nayo. Vijiji vingi vya huko vilijengwa au kukuzwa na Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko ya 1968, watu walipohamishwa kutoka bondeni hadi miinukoni. Katika uhamisho ule mwananchi aliambiwa zaidi kuliko alivyoulizwa. Miaka thelathini baadaye, kwa kuwa alikuwa amekusanywa mahali panapofikika, akawa ndiye anayeulizwa.

Delta yenyewe haikuwamo. Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni, Msala, huko kwenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, karani wa kila miezi minne hakufika. Kwa mtafiti sababu inaeleweka: boti ni ghali, na maji hayafuati ratiba ya ofisi. Lakini matokeo yake ni kwamba hata ile Rufiji maarufu, inayotajwa katika vitabu vya afya ya jamii duniani, ilikuwa Rufiji ya barabarani. Wilaya ilipogawanywa katikati ya muongo uliopita, sehemu kubwa ya delta ikaangukia Kibiti, wilaya changa iliyorithi visiwa bila kurithi takwimu zake.

Sheria nazo zikaendelea kutungwa. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, iliyoanza na watumishi wa umma. Mwaka 2001 ikaja sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, baada ya majaribio yaliyoanzia Igunga mwaka 1996, na halmashauri zikapewa uwezo wa kujiwekea viwango kwa sheria ndogo. Mfuko ulipoboreshwa, kaya ya watu sita ikatakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kisha likaja pendekezo la 2022, na kiwango kilichotajwa hadharani kikawa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Hapo wadau walipaza sauti, wakapinga pia vifungu vilivyofunganisha bima na huduma nyingine kama leseni ya udereva na usajili wa laini za simu. Muswada haukupita Novemba 2022, ukakwama tena Februari 2023 kwa suala la vyanzo vya fedha, hatimaye ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023, Waziri wa Afya akiwa Ummy Mwalimu, ukiwa na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo.

Kucheleweshwa kule kuliifaa nchi. Ni ushahidi kwamba kamati ikisikiliza, sheria hubadilika. Na kulikuwa na nafuu nyingine: baada ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, muswada huu ulichapishwa kwa Kiswahili. Mzee wa Mbuchi angeweza kusomewa kila kifungu na mjukuu wake akakielewa chote.

Angesema nini? Lipo jambo moja ambalo mtu wa bondeni na delta hulijua kuliko mtaalamu wa bima. Mkulima wa mpunga wa Rufiji ana makazi mawili. Msimu wa kilimo huhamia shambani, akajenga dungu, kibanda cha kuinuliwa juu ya miti, akakaa humo na watoto akiwinga ndege na nguruwe mwitu hadi mavuno. Zahanati iko kijijini alikotoka. Fedha hana mpaka mpunga uvunwe au kamba wauzwe. Mchango wa mwaka ukidaiwa mwezi asio na kitu, hatalipa, na ataandikwa kuwa hana mwamko. Na orodha ya wasio na uwezo ikitengenezwa kijijini wakati nusu ya watu wako madunguni, wanaokosekana ni walewale waliolengwa. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, yalionyesha jinsi kaya inavyoweza kuwa na uwezo Machi na kuupoteza Aprili.

Rufiji haijakosa wakubwa wa kuisemea. Dkt. Seif Rashid, mbunge wake wa wakati huo, aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya Januari 2014. Mohamed Mchengerwa, mbunge wa sasa, alikabidhiwa wizara hiyohiyo Novemba 2025, sheria ya bima ikiwa mkononi mwake kuitekeleza. Hata hivyo waziri kutoka jimboni hawezi kushika nafasi ya shahidi. Anayesimama mbele ya kamati kwa niaba ya Serikali anautetea muswada, na anayetoka kwenye dungu anaeleza utakavyomfika.

Kila mwaka kabla ya Bunge la bajeti, kamati hufanya ziara za kukagua miradi mikoani, na wabunge huvaa kofia ngumu wakaonyeshwa majengo ya vituo vya afya. Utaratibu upo, magari yapo, posho zipo. Namwomba Mwenyekiti wa Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI: sheria hii itakaporudi mezani kwa marekebisho, na itarudi, siku moja ya kupokea maoni iwekwe Nyamisati. Ipangwe kwa kalenda ya maji, ili boti za Msala na Mfisini zifike, na itangazwe wiki mbili kabla misikitini, sokoni na kwenye madiko ya wavuvi. Hansard ipeleke mashine yake ya kurekodi huko.