Neno "take" la Kiingereza: si kuchukua peke yake

Ukimuuliza mwanafunzi maana ya neno la Kiingereza "take", atakujibu haraka: chukua. Amepata, lakini jibu hilo halitoshi. Neno hili fupi hubadilika maana kulingana na maneno yanayolifuata, na kwenye dawa kosa la maana linaweza kuleta madhara.

Kwenye dawa

"Take two tablets" maana yake ni meza vidonge viwili. "Take with food" haikuambii ubebe dawa pamoja na chakula, bali uimeze wakati wa kula au mara tu baada ya kula.

Maneno ya kuogopa zaidi ni "not to be taken". Anayejua maana moja tu anaweza kudhani chupa isiondolewe mahali ilipo. Maana yake hasa ni: isinywewe wala isimezwe. Waingereza waliyaandika maneno hayo kwenye chupa za sumu tangu karne ya 19. Ukiyaona, iweke chupa mbali na watoto, na usihamishie kilichomo kwenye chupa ya soda au ya maji.

Kwingineko

"Take a seat" ni karibu ukae. Hujapewa kiti uende nacho nyumbani. "Take a photo" ni piga picha. "Take an exam" ni fanya mtihani. "Take part" ni shiriki. Mkutano ukisemwa "will take place" Jumatatu, maana yake utafanyika siku hiyo. Ndege ikifanya "take off", inapaa. Lakini "take off your shoes" ni vua viatu.

Lilitoka wapi?

Zamani Waingereza walikuwa na neno lao la kuchukua, "niman". Kisha watu wa Skandinavia, waitwao Viking, waliivamia Uingereza na wengi wao wakahamia huko. Walikuja na neno lao "taka", ambalo halihusiani na taka yetu ya Kiswahili. Miaka ilivyopita, neno la wageni likamsukuma nje mwenyeji.

Na sisi tunayo

Tusiwacheke. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa tu, atashangaa.

Ufanye nini?

Usitafsiri neno moja moja. Ukitafuta maana kwenye simu, andika sentensi nzima, si "take" pekee. Na ikiwa ni dawa, usiitegemee simu. Kabla hujaondoka dirishani, muulize mfamasia au muuguzi: hii ni ya kumeza au ya kupaka? Kiasi gani, na mara ngapi kwa siku? Kuuliza si ujinga.