Pwani Tule Wapi Samaki?

Kila ikikaribia likizo ya Desemba, jamaa wa bara huniuliza swali moja: tunakuja na watoto, tule wapi samaki? Hata wenyeji huuliza. Nyumbani tunajua kupika, lakini siku ya kumtoa mke au wazazi nje, mtu hujikuta baina ya hoteli ya watalii asiyoimudu na kuku kwa chipsi. Nimeona bora nikusanye ninayoyajua mahali pamoja.

Kabla ya kuuliza wapi, uliza bahari ikoje. Msimu wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vidogo hufika mbali. Hapo nguru, jodari na kolekole hupatikana. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mashua nyingi hubaki pwani, samaki hupungua na bei hupanda. Mkahawa ambao mwezi wa Julai haukosi samaki wa aina yoyote una friji kubwa. Hilo si kosa, ila usilipishwe samaki wa barafu kwa bei ya samaki mbichi. Pweza naye hufuata bamvua: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka sana na watu huteremka mwambani na vijiti vyao. Siku hizo ndizo za kumla.

Tuanze Mombasa. Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu, ndiko chakula cha Kiswahili bado kinakopikwa. Island Dishes, mtaa wa Kibokoni, inajulikana kwa wali wa nazi, mchuzi na samaki wa kupaka. Huyu ni samaki aliyechomwa makaa, kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na viungo. Ukiletewa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi juu, hukuletewa wa kupaka. Tarboush, barabara ya Makadara, sifa yake ni nyama na mikate, kwa hivyo panafaa mkiwa na mtu asiyekula samaki. Jioni, tafuta vibanda vya supu ya pweza na mishkaki vichochoroni. Kisha mmalizie Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na dafu la kushushia.

Ukivuka daraja la Nyali, Tamarind iko juu ya jabali ikitazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji. Kwa vyakula vya baharini ni mashuhuri, lakini bei yake ni ya kujiandaa na pombe huuzwa.

Kusini, Diani ina mahoteli tele, na Ali Barbour's, mkahawa ulio ndani ya pango la matumbawe, huwavutia wageni. Mimi ningekusukuma mbele zaidi, hadi Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania, kisha uvuke kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini. Huko hakuna magari, na chakula chake cha mchana ni kaa na wali wa nazi. Kina mama wa kisiwa wana njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe. Lipa kiingilio chao, utembee.

Kaskazini, nenda Dabaso, karibu na Watamu. Kwenye mikoko ya hori la Mida kuna Crab Shack, mkahawa wa kikundi cha wanakijiji wanaotunza mikoko hiyo. Sambusa zao za kaa zimewapa jina. Fika kabla ya Magharibi, uone jua likitua juu ya hori. Malindi imechukua mengi kutoka kwa Waitaliano, kwa hivyo usishangae pweza akija na tambi.

Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, tembea ukingoni mwa bahari ukiangalia mikahawa midogo. Usianze na karatasi ya vyakula. Muulize mpishi: leo vyombo vimeleta nini? Jibu lake ndilo chakula chako.

Popote uendapo, zingatia mambo manne. Kwanza, omba kumwona samaki kabla hajapikwa: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Pili, uliza bei kwa uzani kabla ya kukubali, hasa kamba mawe na kaa. Tatu, samaki ni halali, lakini mchuzi huweza kutiwa mvinyo na wavu wa kuchomea huweza kuchomewa nguruwe. Kwenye hoteli za kitalii uliza bila haya. Nne, mwezi wa Ramadhani usitegemee chakula cha mchana Mji wa Kale. Subiri futari, ndipo mji hufunguka.

Kuna jambo jingine linalonisukuma kuandika haya. Kamba mawe na pweza mkubwa akishatua tu, mara nyingi huwa ameshanunuliwa na mchuuzi wa hoteli au wa kusafirisha nje. Mvuvi hulipwa kidogo, na jirani yake anakula samaki wa barafu aliyetoka Uchina. Ukila Wasini, Dabaso au kwa mama wa Kibokoni, sehemu kubwa ya pesa yako inalala kijijini. Mtoto wa mvuvi akiona baba yake anapata riziki ya heshima baharini, huenda naye akashika mshipi. Asipoona hivyo, atauza pikipiki yake ya bodaboda kwa nauli ya kwenda Ghuba, na mashua itaoza mchangani.

Na ukiletewa kamba mawe mwenye mayai tumboni, au kaa mchanga kama kiganja cha mtoto, mkatae. Sema kwa adabu, lakini sema. Jiko linalojua kuwa wateja watakataa halitamnunua tena.