Wavu wa Ufipa na Mpira wa Mdhamini

Jaza upepo mpira wa wavu mjini Sumbawanga kwa kipimo kinachotakiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu, FIVB, yaani kati ya kilo 0.30 na 0.325 kwa sentimita ya mraba, kisha panda nao basi hadi Mtwara. Ukiubonyeza huko pwani utaukuta umelegea, na hakuna ulipovuja. Uwanda wa Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga, umeinuka karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano. Mpira ukishuka, hewa nzito ya nje huubana, na zaidi ya nusu ya ugumu wake hupotea njiani. Anayepiga servu naye ana tabu yake. Kwenye hewa nyepesi ya Sumbawanga mpira huenda mbali na hauyumbi sana. Mtwara huyumba, hudondoka mapema, humwaibisha mpigaji. Fainali za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zilipofanyika Mtwara mwaka 2019 na tena 2021, vijana wa nyanda za juu walikuwa wakicheza mchezo ule ule katika hewa nyingine.

Tabu ya kwanza dawa yake ni pampu, sindano na kipima upepo. Ya pili inataka mipira mingi ya mazoezi na siku za kutosha za kuizoea hewa ya pwani. Zote mbili ni habari za vifaa. Ndiyo maana historia ya wavu wa shule na vyuo katika nyanda hizi haiandikiki kwa orodha ya mabingwa peke yake. Ni lazima mtu aulize mpira ulitoka kwa nani, na ulifika mwezi gani.

Swali hilo lina umri sawa na mchezo wenyewe. William Morgan, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa YMCA mjini Holyoke, Massachusetts, alipobuni wavu mwaka 1895, alijaribu kwanza mpira wa kikapu akauona mzito, akajaribu bladda yake akaiona nyepesi mno. Ikabidi aiombe kampuni ya A.G. Spalding imtengenezee mpira. Mtengenezaji wa vifaa, basi, hakuukuta wavu umeshakua, alikuwepo ukizaliwa. Miaka mingi baadaye mpira wa kampuni ya Mikasa ya Hiroshima ukashika nafasi ya mpira rasmi wa FIVB. Mwaka 1998 mpira mweupe ukapisha ule wa rangi, ili uonekane vizuri kwenye televisheni, na Olimpiki ya Beijing ya 2008 ikaleta mpira wa vipande 8 badala ya 18. Kwa chuo kilicho mbali na bandari kila badiliko la namna hiyo lilikuwa na maana moja: mipira iliyoko stoo imeshapitwa, na mchezaji atakutana na mpya siku ya mashindano.

Husemwa kwamba vyuo vikuu vya Marekani hubeba mataji kwa sababu ya mikataba ya vifaa. Mimi nina shaka, na UCLA ndiyo inayonipa shaka hiyo. Chuo hicho kilitwaa ubingwa wa kwanza wa wavu wa wanaume wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1970, na kufikia 2006 kilikuwa na mataji 19, yote chini ya kocha mmoja, Al Scates. Mwaka 2016 kikasaini mkataba wa miaka 15 na kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour wenye thamani ya dola milioni 280. Fedha hizo zilifuata futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Wavu ulidandia tu ukapata jezi na viatu. Mwaka 2020 kampuni ikataka kujitoa. UCLA ikachukua ubingwa tena 2023 na 2024, ikiwa imevaa nembo nyingine. Mataji yale ya zamani yalitoka kwa kocha asiyehama, kwenye ukumbi ambao mipira haikuwa ya kuhesabiwa. Jina lililo kifuani lilikuja baadaye, kuvuna kilichokwishapandwa.

Afrika Mashariki habari ni nyingine kabisa. Huku mdhamini wa wavu amekuwa mwajiri. Kenya, ngome ya wavu wa wanawake barani, ilijengwa juu ya timu za Kenya Pipeline, KCB na Magereza. Kwetu Tanzania utasikia Magereza, JKT na Jeshi Stars. Mchezaji hupewa kazi kwanza, na kiatu huja pamoja na kazi. Hakuna mkataba unaotangazwa. Kuna ajira, na kuna stoo yenye leja.

Ufipa iliingia kwenye mpango huo kupitia taasisi za bweni. Wamisionari wa Afrika waliipokea ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda uwandani wakijenga misheni na shule. Baada ya uhuru likaja Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa mwaka 1963, ambalo lilikuwa na kambi Milundikwa, Nkasi. Ukiongeza seminari ya Kaengesa, sekondari ya Kantalamba na Chuo cha Ualimu Sumbawanga, unapata aina ya mahali ambapo wavu hustawi: vijana wengi wanaolala pamoja, jioni ndefu za kiangazi, na mtu mmoja mwenye ufunguo wa stoo. Uwanja ni mita 18 kwa 9. Nguzo hukatwa msituni. Mpira mmoja huchezesha watu 12 kwa wakati mmoja, na waliobaki husubiri zamu wakizomea. Soka haiwezi kushindana na bei hiyo.

Hapa niseme jambo ambalo majarida ya urithi huliruka. Tukiandika juu ya Ufipa tunakimbilia malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, na kintengwe, tanuri ndogo ya kukisafishia, na wafumaji wa nguo za pamba. Ni haki yao; Mfipa wa karne ya 19 alijitengenezea jembe lake na vazi lake. Lakini chuma na nguo za kutoka ng'ambo ziliposhinda, ufundi huo ulikufa, na vitu vikawa vinaingia kwa mkono wa mwenye taasisi: padri, serikali, jeshi. Mpira wa wavu uliingia kwa mlango huo huo. Nani anahifadhi leja za stoo za vyuo hivyo? Humo ndimo ilimo historia yetu ya michezo, na wino wake unafifia.

Azimio la Musoma la mwaka 1974, mwaka ule ule Rukwa, ulimo uwanda huu, ilipofanywa mkoa, lilihimiza elimu ya msingi kwa wote, na vyuo vya ualimu vikafurika. Mwalimu aliyejifunza kuinua mpira chuoni alipelekwa kijijini na ujuzi huo, lakini mpira aliuacha chuoni. Kisha miaka ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, bidhaa za nje zikawa za kutafutwa kwa tochi, na mpira wa wavu ni bidhaa ya nje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yenyewe ikasitisha michezo ya shule kwa miaka kadhaa. Michezo iliporudi, kizazi cha waliokuwa wakitunza vifaa kilikuwa kimestaafu.

Ndipo mdhamini wa kibiashara akaingia. Coca-Cola ilileta Copa Coca-Cola, mashindano ya soka ya vijana, nchini mwaka 2007, na katikati ya miaka ya 2010 ikaiunganisha na UMISSETA. Siwalaumu, bila wao pengine tusingekuwa na michezo ya kuandikia makala. Ila jina lenyewe lilikuwa la soka, na wavu ulikaa kiti cha nyuma kama kule UCLA. Wakati huohuo, kuanzia Januari 2016, elimu bila malipo ilifuta michango ya wazazi, na ruzuku ya uendeshaji ya serikali ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Uamuzi ulikuwa mwema kwa maskini, ila uliifunga njia ya shule kujinunulia mpira. Macho yakageukia kwa mdhamini, na mdhamini hufuata kamera.

Kamera zimo kwenye soka. Mwaka 2021 Azam ilisaini na shirikisho la soka nchini, TFF, mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Michezo ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA, haina runinga inayoigombania, kwa hiyo vifaa vinavyotolewa huelekezwa kwenye wiki ambayo angalau mwandishi mmoja wa habari atafika. Jezi hukabidhiwa mbele ya bango, siku moja au mbili kabla ya mechi ya kwanza. Kwa timu ya Dar es Salaam, yenye maduka ya michezo hatua chache kutoka kambini, hilo ni nyongeza. Timu ya Sumbawanga imekwishachaguliwa kwa mpira uliochunika ganda kwenye kokoto, na sasa inapewa mpya wa kuuzoea usiku mmoja. Vifaa vile vile, vikitolewa kwa usawa kwa mikoa yote siku hiyo, huongeza pengo badala ya kulipunguza. Hilo ndilo jambo ambalo taarifa za makabidhiano hazilioni.

Barabara imesaidia kuliko jezi. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na shirika la Marekani la MCC, imefanya mzigo kutoka Mbeya ufike siku hiyohiyo, masika na kiangazi. Mwaka 2012 Katavi ilikatwa kutoka Rukwa, na wachezaji wa Mpanda wakaenda na mkoa wao. Timu ya mkoa sasa huchaguliwa kutoka eneo dogo zaidi. Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nayo imeleta vijana wa elimu ya juu ambao uwanda huu haukuwa nao.

Tangu bajeti ya 2021/22 sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha, asilimia 5, inatengwa kwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Ningependa fedha hizo zinunue vitu visivyopigwa picha, na vifike vyuoni muhula unapoanza: mipira kumi kumi kwa kila chuo, nyavu zenye waya wa chuma juu, pampu mbili na sindano za akiba, maana sindano ndiyo hupotea kwanza, na leja mpya ya kuandikia vyote hivyo.